Mlango wa Mninga

Iguguno,
9 Juni 2024

Eliya,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, ukifika huko bila kunikasirisha zaidi.

Hii ni barua ya pili, ya kwanza hujajibu. Mjomba wako Nathanaeli ananinyooshea simu yake niongee na wewe, sitaki. Kwenye simu unasema "Bibi sikusikii, Bibi mtandao," halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo pale kanisani, mama yako Catherine akiwa mgongoni analia, na sikujifunza ili leo nikae naangalia picha za kalenda. Andika, mpe Stumai, yule muuza kuku wa hapa Iguguno. Anakuja huko mjini na kuku wake kila wiki, na kichwa chake si kama chako.

Haya, nyumba yangu huko Singida. Siku Nathanaeli aliponipakia kwenye gari kama gunia la alizeti, maji ya ziwa yalikuwa kwenye kizingiti. Kuta zilikuwa zimesimama, nilizitazama mpaka tukapinda barabara. Nilikuachia ufunguo nikakwambia: maji yakianza kurudi nyuma, anza kazi. Sasa mvua imekwisha. Umeanza?

Sikiliza, maana wewe unajua chuma tu. Ukuta wa udongo ukiwa umenywa maji haukandikwi papo hapo. Uache ukauke. Gonga kwa kiganja, usikilize. Ukinyamaza, bado. Ukilia kama kibuyu kitupu, kandika. Udongo chukua wa kichuguu, ule wa ufukweni una magadi, utapasuka kabla hujanawa mikono. Changanya na mavi ya ng'ombe na majivu. Usione kinyaa, ndani ya nyumba hiyo hiyo ulikula ukanenepa.

Mlango utazame kwanza kuliko vyote. Ni mninga, babu yako aliuranda mwenyewe, akakaa wiki nzima bila kuniongelesha kwa sababu nilisema umepinda. Haukupinda. Nilikuwa nataka tu kusema kitu.

Huku Nathanaeli ana matofali yake ya kuchoma, anasema atanijengea chumba upande wa jikoni. Nimemwambia mimi nina nyumba. Nguo zangu sijazitoa kwenye furushi. Nangoja neno lako tu.

Hujambo, mume wangu mvivu.

Mimi Bibi yako,
Anastasia Mughwai


Singida,
17 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Nisamehe sana kwa kukaa kimya. Karakana tuna kazi nyingi za magrili na mageti, nikirudi nimechoka hata kalamu siishiki.

Maji yamerudi nyuma kidogo. Yameacha mstari mweupe wa magadi kwenye mawe yote, kama mtu amepaka chokaa. Kila asubuhi ziwa linatupa vitu ufukweni: ndala, madumu, nyavu, sufuria za watu, chupa za mafuta ya alizeti. Mimi nikitoka karakana napita kuokota. Kuna vijana wenzangu wananicheka, wananiita Eliya Jalala. Navipeleka pale pale kwetu, naviunganisha kwa moto na waya. Nitakueleza vizuri siku nyingine.

Mlango wako nimeupata salama. Nimeupiga msasa, nimeupaka mafuta, umesimama. Na kile kibuyu chako cha maziwa nimekipata, ila kimepasuka kuanzia shingoni mpaka tumboni. Nimekiziba kwa gundi.

Kuhusu kuta, zinakauka, Bibi. Usiwe na haraka. Huko Iguguno kuna chakula na kuna watu. Mwache mjomba ajenge hicho chumba, hata kama ni cha kulala siku ukimtembelea.

Msalimie mjomba na shangazi Aneth.

Mjukuu wako,
Eliya


Iguguno,
30 Juni 2024

Eliya,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, Aneth akiwa anapepeta, makusudi asikie: "Mlango umesimama. Kuta zinakauka." Nikairudia. Maana huyu mkwe wangu tangu nije ananitazama kama mtu aliyefiwa. Ananiletea chai kitandani! Mimi! Juzi kanipimia sehemu ya shamba nyuma ya nyumba, eti nipande mchicha wangu. Nikamwambia mchicha wangu uko Singida. Kanunua na godoro jipya, nikamwambia alale yeye. Akaingia jikoni, hakutoka mpaka jioni. Wanawake wa siku hizi ukiwaambia neno moja wanavimba macho.

Na Nathanaeli nimemaliza naye. Alikuja tena na habari za matofali, nikamjibu mbele ya wageni: "Matofali yako jengea unachotaka, mimi si mkimbizi." Kaondoka. Nadhani kaelewa.

Sasa gundi. Eliya, nani alikufundisha kuziba kibuyu kwa gundi? Gundi inashika juu juu, ukikigusa na maziwa inaachia. Kibuyu kinashonwa. Na kabla ya kushona unatafuta ufa unapoishia, pale mwisho kabisa ambapo jicho linaona tabu, unatoboa tundu dogo kwa msumari wa moto. Ufa ukifika kwenye tundu unakwama, haukimbii tena. Halafu ndiyo unatoboa huku na huku, unashona kwa ukano wa ng'ombe, unapaka nta. Usipotoboa pale mwisho, unashona huku na ufa unatembea mbele yako unakucheka. Kwa hiyo kiache. Nitakuja kukishona mwenyewe.

Nakuja Agosti, tukishapiga alizeti. Nimemwandikia Maniben dukani aniwekee bawaba imara, zile za zamani zilikuwa zinalia. Utamkuta, umwamkie vizuri. Ni mwanamke wa maneno machache lakini tangu mumewe Hirji afariki hakuna aliyenipimia misumari kwa haki kama yeye.

Hayo madumu na ndala unayookota, sijui unatafuta nini. Ukimaliza kukandika ndiyo ucheze.

Mimi Bibi yako,
Anastasia Mughwai


Singida,
14 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Agosti usije. Mabati bado hayajakaa sawa na upepo wa ziwa mwezi huo utakuumiza kifua. Subiri kidogo, mimi nitakwambia.

Nakutumia picha ya mlango ili roho yako itulie. Ameipiga rafiki yangu, tumeisafisha studio. Utaona jinsi mbao zilivyong'aa.

Shangazi Aneth usimseme sana, Bibi.

Mjukuu wako,
Eliya


Iguguno,
28 Julai 2024

Eliya,

Picha nimeipata. Msasa umeupiga vizuri. Nimeibandika ukutani karibu na ninapolala.

Hatujambo huku. Sina mengi.

Mimi Bibi yako,
Anastasia Mughwai


Singida Mjini,
5 Agosti 2024

Dada Anastasia,

Habari ya siku nyingi. Barua yako iko kwangu, mimi iko na macho mabaya, mpaka mjukuu wangu Deepa amekuja likizo ndiyo amesoma na sasa ananiandikia. Bawaba nimekuwekea, ya chuma kabisa, si hii nyepesi ya kuvunjika.

Lakini dada, bawaba ya nini? Nauliza kwa sababu naona haya kuuza kitu mtu hatumii. Jumapili Deepa amenipeleka ziwani kutazama kazi ya Eliya, kila mtu mjini anasema twende, twende. Nimeona mlango wako unasimama peke yake juu ya mawe. Nyuma hakuna kitu, maji tu na wale ndege wekundu. Na mama mmoja, Eliya ametengeneza kwa madumu, amekaa mbele ya mlango. Nimelia, mimi, na miaka yangu hii. Nikasema kumbe nyumba ya Anastasia yote imekwenda na hajatuma hata mtu kuniambia, nije kukaa na yeye kidogo.

Pole sana. Ile nyumba nimekunywa chai yake nyingi.

Dada yako,
Maniben


Iguguno,
11 Agosti 2024

Eliya,

Sina salamu.

Maniben kanipa pole. Maniben, wa dukani! Kanipa pole ya nyumba yangu kama anayehani msiba, na mimi ndiye mwenye msiba sijaambiwa. Eti mlango wangu uko juu ya mawe watu wanakwenda kuutazama Jumapili na watoto wao, wanakula karanga. Babu yako aliuranda ule mlango ufunge nyumba, usifunge upepo.

Kwa nini? Nilikulea nikakuficha kitu gani? Mama yako alipokwenda Itigi akakuacha, ukaniuliza anarudi lini, nilikwambia sijui. Ulikuwa mtoto mdogo, na nilikwambia sijui. Sikukuambia "anakuja, anakuja, anakauka."

Usiniletee barua ya kujipendekeza.

Anastasia Mughwai


Singida,
18 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Najua hutaki barua. Nimempa Stumai akuachie hapo mlangoni, utaisoma ukitaka.

Ulipoondoka maji yaliendelea kupanda. Asubuhi moja niliingia kutoa vitu, maji yakiwa kifuani. Nilitoa mlango kwanza kwa sababu ndivyo ulivyoniambia siku unaondoka, tazama mlango kwanza. Nilikuwa nimeufikisha kwenye mawe, nikarudi kuchukua kibuyu. Nimekishika tu mkononi, ukuta wa chumbani kwako ukakaa chini. Haukuanguka, Bibi. Ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, ukavuta na ule mwingine. Nilitoka nikiwa nimekumbatia kibuyu, nadhani ndipo kilipopasuka, nilikibana.

Nilimpigia mjomba siku ile ile. Tulikubaliana mimi ndiye nikuandikie, kwa sababu wewe unaamini karatasi. Nikachukua karatasi. Sikuweza. Kila nikikaa kuandika nasikia unavyosema gonga kwa kiganja usikilize. Nikaandika mlango umesimama. Haukuwa uongo. Halafu nikaandika kuta zinakauka, na huo ulikuwa uongo.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Maji yaliporudi nyuma nilikuta ndala yako moja ya bluu, ile uliyoishona na waya, mbuzi anaitafuna. Nikamfukuza mbuzi nikakaa nayo. Kesho yake kifuniko cha sufuria yetu. Na vitu vya majirani pia, mguu wa kitanda cha mzee fulani, beseni la mtoto. Nilishindwa kuviacha pale na nilishindwa kuvipeleka kwa mwenyewe, maana mwenyewe hana tena pa kuviweka. Nikaanza kuviunganisha. Sikujua ni mtu mpaka alipokuwa na magoti.

Bibi, watu wa Dodoma wamekuja wakasema wanataka kuibeba kazi yote wakaionyeshe kwao. Nimewaambia si yangu peke yangu. Nangoja wewe useme.

Mjukuu wako,
Eliya


Singida,
2 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Umekuja na hukunitafuta.

Nilikuwa karakana, nachomelea geti. Muuza samaki wa pale ufukweni kaniambia jioni: amekuja mwanamke mmoja mrefu wa vazi la kijani, na Stumai wa kuku. Anasema ulizunguka mlango, ukaugonga kwa kiganja, ukakaa chini mbele ya yule mama wa madumu, mkatazamana. Alikuuliza "Mama, unaionaje?" ukamjibu "Pua."

Nilikimbia mpaka stendi, gari lenu lilishaondoka.

Nimerudi ufukweni nikakuta kibuyu nilichomshikisha yule mama wa madumu hakipo. Mikono yake imebaki mitupu. Kama hukutaka kiwe pale ni haki yako, kibuyu ni chako. Ningependa tu uniambie kwa mdomo, hata kwa matusi. Nimezoea matusi yako.

Eliya


Iguguno,
15 Septemba 2024

Eliya,

Nilikuja. Sikukutafuta kwa sababu ningekukuta ningekupiga mbele ya wateja wako, halafu ningelia, na hayo yote mawili sikutaka yafanyike kwenye karakana.

Kazi yako nimeiona. Pua ya ndala! Nywele za nyavu, miguu ya bomba, tumbo dumu la mafuta. Na mdomo umemwacha wazi, kwa hiyo hata kabla sijauliza nilijua ni nani. Mabega ndiyo umeyaweza. Sijui uliyaona lini mabega yangu yakiwa hivyo. Nilidhani nayanyoosha mnapotazama.

Muuza samaki ananiuliza unaionaje. Ningemjibu nini? Nilikuwa nimekaa pale kilipokuwa chumba changu, najua kwa yale mawe mawili tuliyokuwa tunawekea mtungi. Nikamwambia pua.

Sasa nitakwambia jambo na usinijibu. Ile picha uliyonitumia. Ule mlango una ufa mwembamba kati ya mbao ya pili na ya tatu, babu yako aliusema mpaka anakufa. Ukiwa nje ya nyumba yangu ukitazama kwenye ule ufa unaona giza, maana dirisha ni dogo. Kwenye picha yako, ufani ni kweupe pe. Nilikaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa. Nikaigeuza ikatazama ukuta. Kesho yake nikaigeuza tena, nikajiambia labda amefungua dirisha. Dirisha lile, ambalo hata paka hapiti! Wewe ulidanganya, na mimi nikakusaidia. Barua ya Maniben ilinikasirisha kwa sababu ilinimalizia pa kujificha.

Na sasa naona. Nathanaeli alijua, ndiyo maana ya yale matofali. Aneth alijua, ndiyo maana ya chai na godoro. Hata kuku wa Stumai nadhani walijua. Na mimi nikawa nawatukana mmoja mmoja na barua yako mkononi. Godoro Aneth kalichukua kampelekea mdogo wake anayetarajia kujifungua. Ile sehemu ya mchicha wamepanda viazi. Matofali, nilimwambia Nathanaeli ajengee anachotaka, mbele ya watu, naye kajenga ghala la alizeti. Tangu nimzae hajawahi kunitii hivyo. Ndimo ninamolala, kwenye kona, na magunia. Wanasema watafyatua mengine mwakani. Mvua itakuja kabla ya mwakani, lakini sijui nianzie wapi kuwaomba kitu nilichowatupia usoni. Aneth bado ananiamkia. Afadhali angeacha.

Kibuyu nilikichukua kwa sababu ya ile gundi yako. Niliibandua kwa ukucha ikatoka yote kama ngozi ya nyoka. Nimetoboa tundu pale mwisho wa ufa, nimeshona, nimepaka nta ya Itigi, mama yako kaileta pamoja na asali. Kaniuliza cha nini, nikamwonyesha, tukakaa naye kidogo. Mikono yangu siyo ile, mshono umekwenda upande. Hakishiki maziwa, nimejaribu, kinatoka jasho. Usimwambie mtu kimepona. Mwambie kimeshonwa. Stumai anakuletea, umrudishie yule mwanamke mikononi, amekaa kama anaomba.

Watu wa Dodoma waambie wakitaka kutazama waje. Hapo ndipo mahali pake. Maji yakirudi na kumchukua, yamchukue.

Bawaba kachukue kwa Maniben, amekuwekea. Mlango uufungue. Mlango umefungwa halafu pembeni mtu anapita mpaka na ng'ombe, ni ujinga gani huo?

Na kuna neno moja hujaniandikia mpaka leo. Umeniandikia ukuta ulikaa chini, umeniandikia magoti na mbuzi. Neno lenyewe hujaliandika. Maniben kaliandika, wewe hujaliandika. Nataka nilisome kwa mwandiko wako.

Mimi Bibi yako,
Anastasia


Singida,
22 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Nyumba yako haipo.

Kibuyu nimekirudisha mikononi mwake. Bawaba za Maniben nimezifunga, mlango uko wazi, haulii. Nilipoufungua nilikaa nyuma yake nikatazama kule ulikokuwa unatazama asubuhi ukisubiri maji yachemke. Nyumba yako haipo, Bibi, na nilipaswa kukuambia mwezi wa tano.

Nimeomba ruhusa karakana. Nije kabla ya mvua, tukae na mjomba na shangazi, mimi ndiye nianze kuomba msamaha, halafu wewe. Matofali sina. Kukandika najua, ulinielekeza kwa barua. Niambie tu, huko Iguguno udongo wa kichuguu upo?

Mjukuu wako,
Eliya


Iguguno,
29 Septemba 2024

Mume wangu,

Upo. Nyuma ya kanisa.

Njoo na jembe. Gundi yako iache huko.

Bibi yako